Kabla Hujaishusha Gari Yako



Haya ni mazungumzo niliyoyatoa mbele ya vijana wa jumuiya yetu hapa Likoni baada ya sala ya alasiri. Nimeombwa niyaandike ili na wewe msomaji ambaye hukuwepo upate kunufaika nayo. Nimeyaacha karibu vile vile yalivyosemwa, kwa hivyo usishangae ukikutana na lugha ya barazani.

Ndugu yangu msomaji, huenda ukajiuliza: springi za gari na mwezi huu mtukufu vina uhusiano gani? Nami nitakujibu kwa swali. Ni mwezi gani mwingine gari yako ndogo hubeba watu wengi kama huu? Jioni mama anataka kupelekwa kwa dadake kufuturu, na sufuria ya mkate iko mapajani. Usiku watoto wote wa mtaa wamo kiti cha nyuma wakienda tarawehe. Na huu ndio mwezi ambao mabarobaro, baada ya tarawehe, hukaa barazani na kuanza: "Idd hii lazima gari iwe chini. Lazima Mama Ngina watutambue."

Basi mimi sikuja kukukataza. Mimi mwenyewe naendesha gari iliyoshushwa, na kila siku ya kazi navuka nayo feri kwenda Kisiwani. Gari iliyoshushwa vizuri haipepesuki ovyo kwenye kona, na kwa macho pia inapendeza, tusidanganyane. Nimekuja kukueleza jambo moja tu ambalo mimi nililijua kwa kuchelewa, na aliyelipa gharama yake hakuwa mimi.

ILE NAFASI SI TUPU

Hebu toka nje uitazame gari yako. Kati ya tairi na ukingo wa bodi kuna nafasi. Sisi vijana tukiiona ile nafasi tunaona aibu, tunasema gari imekaa kama mbuzi aliyesimama. Lakini ile nafasi ina kazi. Ndiyo njia ambayo gurudumu hupanda likikutana na tuta, ili bodi na wewe uliyemo ndani msirushwe.

Kazi hiyo hufanywa na vitu viwili. Springi hubeba uzito wa gari na kulipokea pigo. Shoki, au shokomzoba kama wasemavyo wengine, kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kurukaruka. Jaribu mwenyewe: bonyeza boneti kwa nguvu kisha uachilie. Ikiwa shoki ni nzima, gari itapanda na kutulia. Ikicheza mara mbili tatu, shoki imekwisha, na hapo usifikirie mambo ya kushusha, fikiria kwanza kutengeneza.

Mwisho wa ile njia kuna kiraba kigumu. Hicho ndicho kinachozuia chuma kisigonge chuma. Gurudumu likifika kwenye kile kiraba, springi haina kazi tena. Pigo lote linakwenda kwenye bodi, na kutoka kwenye bodi linakwenda kwenye uti wa mgongo wa aliyekaa. Sasa ukiishusha gari, ile njia umeifupisha. Ukijaza watu watano, imefupika zaidi. Je, imebaki ngapi? Hilo ndilo swali, na barazani sijasikia mtu akiliuliza.

Gari nyingi ndogo tunazozitumia huwa na kama milimita 140 hadi 150 kutoka ardhini ikiwa haina mzigo. Shusha milimita 30, bado unaweza kuishi nayo ukiwa mwangalifu. Shusha 60 au 70, umebaki na upana wa mkono wako. Halafu unatoka kwenda Mtongwe.

KILA GARI NA BARABARA YAKE

Vijana wengi wanapenda Subaru Impreza, na wana haki. Gari ile ilishinda Safari Rally mwaka 1996, ikashinda tena 1997 ikiendeshwa na Colin McRae, na tena mwaka 2000 ikiendeshwa na Richard Burns. Lakini ulizitazama vizuri zile gari zilipokuja Kenya? Zilikuwa zimeinuliwa, na chini zimewekewa mabamba ya kuwalinda na mawe. Gari ya aina ile ile ikienda rali ya Corsica, ambako ni lami na kona tupu, ilikuwa ikishushwa chini kabisa. Mafundi walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni barabara.

Basi wewe picha ile ya gari iliyolala chini uliiona wapi? Pengine Japani, kwenye lami isiyo na shimo. Mimi na wewe tuna barabara yetu. Tuna matuta ambayo mengine yalichongwa na wananchi wenyewe kwa sababu zao. Tuna masika, maji yakijaa barabarani, na gari ikiwa chini mdomo wa kuvutia hewa nao umeshuka karibu na maji. Injini ikinywa maji, unaweza kuifungua yote.

Na sisi wa Likoni tuna feri. Anayevuka kila siku anajua: maji yakijaa, mteremko wa kuingilia huwa mdogo. Maji yakipwa, mteremko unakuwa mkali, na pale ubao wa feri unapokutana na simiti ndipo bampa inapolia. Nyuma yako kuna lori, mbele yako kuna mkokoteni, na watu mamia wanakutazama. Huwezi kurudi nyuma wala kwenda mshazari kama unavyofanya kwenye tuta. Kwa hivyo kabla hujaamua milimita ngapi, shuka feri siku ya maji kupwa ukiwa na gari yako hivi hivi ilivyo, na abiria ndani, utazame umebakiwa na nini.

NJIA NNE ZA KUSHUSHA

Ya kwanza, na ndiyo mbaya kuliko zote, ni kukata springi kwa grainda, au kuichemsha kwa gesi ilegee. Ni ya bei rahisi, wakati mwingine ni pesa ya kazi tu. Springi imetengenezwa kwa chuma kilichopikwa kwa kipimo maalumu. Ukiichemsha umekiua kile kipimo, na hakuna ajuaye itakatika lini. Ukiikata, ile ncha iliyotengenezwa ikae sawa kwenye kikalio chake umeitupa. Na kuna jambo jingine ambalo hatuambiwi: springi iliyokatwa inaweza kuwa fupi kuliko njia ya shoki. Gari ikirushwa juu na gurudumu likaning'inia, springi inabaki imelegea. Kwenye gari nyingi ndogo, springi za nyuma hukaa peke yake pembeni ya shoki, zimeshikwa na uzito wa gari tu. Kitakachotokea unaweza kukikisia.

Ya pili ni kununua springi fupi za kiwandani na kuziweka juu ya shoki zile zile za zamani. Hii ni afadhali, kama unashusha kidogo na shoki ni nzima. Lakini springi hizi huwa ngumu zaidi, na shoki ya zamani haikutengenezwa kuzituliza. Itafanya kazi karibu na mwisho wa njia yake kila siku, na itakufa mapema.

Ya tatu ni springi na shoki zilizotengenezwa pamoja, kwa ajili ya gari ya aina yako. Kwa gari ya kila siku, hii ndiyo ninayoishauri mimi. Ugumu wa springi na nguvu ya shoki vimepimwa vikaelewana, na shoki yenyewe ni fupi, kwa hivyo springi hailegei.

Ya nne ni koilova, ile yenye hesi, unaipandisha na kuishusha kwa spana maalumu. Ni kitu kizuri kwa anayejua. Lakini hapa pwani tuna chumvi. Hewa yetu ina chumvi, na kwenye feri maji yanarushwa mpaka chini ya gari. Hesi zile zikipata kutu zinashikana, na ile faida ya kurekebisha imekwenda. Ukinunua, lazima uwe ni mtu wa kuosha na kupaka grisi. Kama hata kuosha gari unamngojea mdogo wako, hii achana nayo.

YALIYONIPATA

Mwaka 2011 nilikuwa na gari yangu ya kwanza, ndogo ya milango mitano, injini ya sisi elfu moja. Nilikuwa nimeichangia kwa miaka mitatu. Wiki moja kabla ya Ramadhan nikaipeleka kwa fundi mmoja, akakata mzunguko mmoja na nusu kwa kila springi. Kazi ya asubuhi moja. Jioni nikaiegesha mbele ya baraza, na wenzangu wakaizunguka. Nilijiona nimefika.

Mama alipanda siku ya pili. Tukapita tuta la kwanza, akashika mlango. La pili, akashika mgongo. Hakusema kitu. Mama yangu alikuwa na maradhi ya mgongo tangu zamani, na mimi nilikuwa najua. Lakini nilijua kama mtu anavyojua jambo lisilomhusu.

Siku ya sita ya mfungo tukawa twaenda Ng'ombeni kufuturu kwa mama mdogo. Mbele mimi na mama, nyuma dada zangu wawili na mtoto wa kaka. Magharibi ilikuwa imekaribia, nami nilikuwa nimechelewa kutoka kazini, kwa hivyo nilikuwa naenda mbio kuliko ada yangu. Tulipofika Shika Adabu nikalikuta tuta sikuliona mapema. Gari ikarushwa, ikashuka, ikapiga kishindo ambacho bado nakisikia. Nyuma ikalala upande wa kushoto. Tairi ikaanza kunguruma kwenye bodi, na usukani ukanivuta nje ya barabara. Springi ya nyuma ilikuwa imetoka kwenye kikalio chake.

Alhamdulillahi, hakukuwa na gari inayokuja, na aliyekuwa akivuka alishavuka. Tukasimama kwenye mchanga. Watoto walikuwa wakilia, viazi karai vimemwagika. Mama hakuweza kushuka. Aliniambia kwa sauti ndogo, "Mwanangu, ningoje kidogo, kiuno hakitaki." Adhana ikatukuta pale pale. Watu wa nyumba ya karibu wakatuletea tende na maji, Mwenyezi Mungu awalipe, nao hata hawakutuuliza kumetokea nini.

Tangu siku hiyo mama hakunilaumu hata mara moja. Wala hakukataa kupanda gari yangu. Alianza tu kuwa na sababu. "Leo nitapita sokoni kwanza, nitakwenda na tuktuk." "Wewe nenda, umechoka, mimi nitapanda tuktuk." Hata nilipokwisha kurudisha springi za kawaida, za mtumba, maneno yakawa ni yale yale. Ilinichukua karibu miezi miwili kuelewa kwamba mama yangu alikuwa akiiogopa gari ya mwanawe, na akiona haya kuniambia.

Vijana wenzangu, gari ile nilikuwa nimeipima kwa macho ya watu wa baraza, ambao hata siku moja hawakupanda. Sikuipima kwa mgongo wa anayepanda kila siku.

UKIAMUA KUSHUSHA

Basi ukiwa umeamua, shika haya niliyojifunza baadaye, mengine kwa mafundi na mengine kwa kukosea.

Kwanza, pima kabla. Chukua futi, pima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi, magurudumu yote manne, uandike. Kisha pakia watu unaowabeba siku zote, wawe watu kweli si makisio, upime tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo gari yako inavyolala ikiwa na familia. Hesabu yako ya kushusha ianzie hapo. Kwa barabara zetu mimi sivuki milimita 30.

Pili, usifungue springi za mbele mwenyewe bila kifaa cha kuibana. Gari ndogo nyingi mbele zina mfumo uitwao MacPherson, kwa jina la mhandisi wa Marekani aliyeubuni miaka ya 1940: springi imebanwa juu ya shoki, na nati moja ya juu ndiyo inayoizuia. Ukiilegeza nati ile kabla ya kuibana springi kwa kifaa chake, ile springi itaruka kwa nguvu ya kuvunja taya, na ya kuua pia. Sijui nikwambieje zaidi. Ukimwona fundi anaifunga kwa waya au kamba, chukua gari yako uende.

Tatu, zile bushi za raba za mikono ya chini zikazwe gari ikiwa imesimama kwa magurudumu yake, katika urefu wake mpya. Zikikazwa gari iko juu ya jeki na miguu inaning'inia, utakapoishusha raba zitakuwa zimejipinda siku zote, na hazitachukua muda kupasuka. Kosa hili ni la kawaida sana, na lawama huenda kwa raba.

Nne, alaimenti ni lazima. Gari ikishuka, magurudumu hubadilisha yanavyoelekea na yanavyoinama. Tairi italika upande wa ndani, mahali usipopaona, mpaka waya utokee. Fanya alaimenti baada ya kushusha, kisha irudie baada ya wiki mbili hivi, springi zikishakaa. Siku hiyo hiyo kaza nati zote tena, na urekebishe taa za mbele.

Tano, geuza usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto, gari ikiwa imejaa watu. Tairi isiguse popote, na paipu ya breki isivutwe wala kusuguliwa. Ukiwa na Honda Fit ya zamani, kumbuka tangi ya mafuta iko chini ya viti vya mbele, kwa hivyo mawe na matuta yaheshimu maradufu.

Sita, kuna mpaka ambao ukiuvuka unapoteza hata ile faida. Ukishusha mno, mikono ya chini ambayo ilikuwa imelala sawa inaanza kuelekea juu, na gari inaweza kulala kwenye kona zaidi kuliko ilivyokuwa mwanzo. Kwa hivyo yule aliyeshusha mpaka tairi imejificha, usidhani kwamba anakushinda kwenye kona. Amekushinda kwenye picha.

Saba, waarifu watu wa bima yako. Gari iliyobadilishwa bila wao kujua inaweza kukuletea maneno siku ya shida.

Na ya mwisho, pesa. Kama huwezi kununua springi na shoki pamoja mwaka huu, ngoja mwaka ujao. Gari ikiwa juu si aibu. Mimi nilingoja miaka miwili.

SHIKA ADABU, MARA YA PILI

Nilipomaliza kuchanga nikanunua seti nzima, springi na shoki zake, ya kushuka milimita 30 tu. Vijana barazani walipoiona wakacheka, "Hii umeshusha au imechoka?" Nikanyamaza.

Nikamwomba mama tutoke. Alisita, akatafuta ile sababu yake ya tuktuk, kisha akanihurumia akapanda. Nikaenda taratibu kwenye barabara ya Ukunda, na matuta nikiyapanda kama mtu anayebeba mayai. Mama alikuwa akinihadithia habari za harusi ya jirani. Mkono wake mwanzo ulikuwa umeshika mlango, na sijui ni wakati gani aliuachilia. Baada ya muda akakatiza hadithi yake, akatazama nje, akaniuliza:

"Mwanangu, mbona hatujafika Shika Adabu?"

Nikamwambia, "Tumeshapita, mama."

Ndugu yangu msomaji, hicho ndicho kipimo nilicho nacho. Idd inakuja, na wewe utaitengeneza gari yako upendavyo, ni haki yako. Lakini kabla hujamkabidhi fundi ufunguo, mweke kiti cha nyuma yule aliye dhaifu kuliko wote nyumbani kwako, mama, babu, au mke mwenye mimba, upite naye barabara mbaya kuliko zote unazopita. Usimuulize kitu, maana huenda asikwambie. Mtazame mkono wake umeshika wapi.

Mwenyezi Mungu atufikishe Idd kwa salama sisi na abiria wetu. Wabillahi tawfiq.